Oili ya Injini na Vumbi la Bulumbi

Katika gereji za mpakani, kuanzia Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, hadi Malaba na Tororo, muda wa kumwaga oili ya injini na kutia mpya huhesabiwa kwa kilomita 5,000, na pale mwenye gari anapokuwa mwoga, au barabara anazopita zinapokuwa za vumbi, hesabu hiyo hushushwa hadi 3,000. Namba hizo hazikutokana na oili iliyopimwa Busia. Ile ya kwanza inakaribiana mno na maili 3,000 walizozoea Wamarekani kwa miongo mingi, ambazo ni kama kilomita 4,800, nayo imeendelea kurithishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake pamoja na spana. Kumbukumbu hizi zinahusu jaribio la kuiweka kando namba hiyo ya kurithi na kuiuliza oili yenyewe, kwa njia ya uchunguzi wa maabara, lini inafaa kumwagwa. Zinahusu pia jinsi jibu lililopatikana lilivyogusa jambo ambalo halikuwa limeulizwa.

Ni vyema kwanza kueleza oili huchokaje. Oili inayouzwa dukani ni mafuta ya msingi yaliyochanganywa na viongezo, yaani kemikali zinazotiwa ili kuipa uwezo ambao mafuta matupu hayana, na miongoni mwake ni visafishi, ambavyo kwa kawaida vina kalisi na ambavyo huipa oili akiba ya besi. Dizeli yenye salfa inapoungua hutoa gesi ambazo zikikutana na mvuke wa maji hugeuka kuwa asidi. Asidi hiyo huteremka ndani ya oili na kula beringi, na besi ndiyo inayoibatilisha hadi akiba itakapokwisha. Zamani dizeli iliyouzwa katika baadhi ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa na salfa kwa maelfu ya sehemu kwa milioni, kwa hiyo kubadilisha oili mapema kulikuwa na sababu ya kikemia isiyo na ubishi. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kufuata kiwango cha sehemu 50 kwa milioni. Chanzo kikuu cha asidi kikapunguzwa mara nyingi, lakini namba ya gereji haikusogea hata kilomita moja.

Wazo la kuchunguza oili iliyotumika ili kujua hali ya injini ni la watu wa reli. Mwaka 1946 maabara ya reli ya Denver and Rio Grande Western, nchini Marekani, ilifaulu kugundua hitilafu za injini za dizeli za garimoshi kwa kupima metali zilizokuwamo ndani ya oili yake, na katika muongo uliofuata jeshi la majini la nchi hiyo likaichukua mbinu hiyo kwa injini za ndege. Kampuni ya Caterpillar ilianza kuwapa wateja wake huduma ya namna hiyo mwaka 1971, na kwa kupitia wakala wake, Mantrac, huduma hiyo inafahamika Uganda na Kenya miongoni mwa wenye matingatinga, jenereta kubwa na mitambo ya machimbo. Hata hivyo, Tororo, mji ambamo reli iliyofika Kampala mwaka 1931 huachana na tawi la Mbale na Soroti, ungali mji ambao wenye magari madogo huitegemea hukumu ya kidole gumba. Fundi huchomoa dipstiki, husugua tone la oili kati ya vidole viwili, hulinusa, kisha husema kwamba oili imekufa, na mara nyingi ushahidi wake pekee ni weusi.

Weusi ni shahidi dhaifu. Katika injini ya dizeli oili huwa nyeusi ndani ya muda mfupi kwa sababu visafishi vyake vinafanya kazi iliyokusudiwa, yaani kubeba masizi na kuyazuia yasigande kwenye pistoni. Oili inayobaki nyeupe kwa muda mrefu katika injini kuukuu ya dizeli ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa kuwa huenda masizi yameachwa ndani. Maabara haiangalii rangi. Hupima mnato, yaani uzito wa mtiririko wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ili kuona kama ingali katika daraja lake (oili ya daraja la 40, kwa mfano, hutakiwa kuwa kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki), hupima akiba ya besi iliyobaki, maji, na mafuta ya kuendeshea gari yaliyopenya, na kwa spektromita, kifaa kinachounguza tone la oili katika joto kali hadi kila elementi itoe mwanga wake wa pekee, huhesabu chuma, kromi, shaba, risasi, alumini na silikoni kwa sehemu kwa milioni. Kila metali ina nyumba yake ndani ya injini: chuma hutoka hasa katika silinda na krenkshafti, kromi katika ringi za pistoni, alumini katika pistoni zenyewe, risasi na shaba katika beringi. Silikoni haina nyumba humo. Kiasi kidogo chake hutiwa kiwandani ili kuzuia povu, na kiasi kingine huweza kutoka katika gundi ya gasketi, lakini kinapozidi sehemu 20 hivi maabara nyingi huanza kuuliza habari za vumbi.

Magari ambayo mwandishi wa kumbukumbu hizi aliyatunzia daftari yalikuwa machache: mabasi madogo ya dizeli ya aina ya Toyota HiAce na gari dogo la petroli, yaliyobeba abiria na mizigo ya soko kati ya mji wa Busia, vijiji vya kaunti ndogo ya Bulumbi na Tororo. Oili yake ilikuwa ikibadilishwa kila kilomita 3,000, na shabaha ya kupeleka sampuli maabara ilikuwa ya kibahili tu, yaani kujua kama fedha za oili zilikuwa zikimwagwa bure. Kwa swali hilo majibu ya kwanza yalikuwa wazi. Katika mabasi yale ya dizeli akiba ya besi ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, mnato ulikuwa ndani ya daraja, na hakukuwa na dalili ya asidi. Oili iliyokuwa ikiitwa maiti ilikuwa na uhai wa kutosha wa safari nyingi. Ila ukurasa uleule ulionyesha silikoni iliyopita kiwango mara kadhaa, pamoja na chuma na alumini zilizopanda kwa pamoja nayo, na maoni ya mtaalamu wa maabara, ambaye hakuwa amewahi kuiona barabara ya Bulumbi wakati wa kiangazi, yalidokeza kwamba silinda na pistoni zilikuwa zinachakaa upesi.

Hapo ndipo elimu ya mahali ilipohitajika. Udongo mwekundu wa Busia ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma, na una oksidi za alumini kwa wingi, kama ulivyo udongo wa aina hiyo katika sehemu kubwa ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Vumbi lake likiingia ndani ya oili, spektromita huhesabu chuma na alumini bila kuuliza kama zimetoka kwenye silinda au shambani. Kigezo kilichosaidia ni kromi: chuma, alumini na silikoni zikipanda huku kromi, risasi na shaba zimetulia, udongo ndio mshukiwa wa kwanza; kromi ikianza kuwafuata wenzake, basi udongo umeshageuka msasa na ringi zimeanza kuliwa. Katika mabasi mengi kati ya yale kromi ilikuwa bado chini. Habari hiyo ilikuwa njema kuliko ile iliyoandikwa katika maoni, na iliharakisha kutafuta mlango ambao vumbi lilikuwa linaingilia.

Mlango wenyewe ulikuwa wa aibu kidogo kwa udogo wake. Chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina, lilikuwa likipigwa kwenye tairi ili kutoa vumbi na kisha kupulizwa kwa upepo wa kompresa, utaratibu unaoonekana wa bidii lakini unaotoboa karatasi ya chujio kwa matundu yasiyoonekana kwa jicho. Katika gari mojawapo, zaidi ya hayo, mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye chujio hadi kwenye injini ulikuwa umepasuka mkunjoni na kufungwa kwa kipande cha utepe. Machujio mapya yalipotiwa, mpira ukabadilishwa na vibanio vikakazwa, silikoni ilishuka katika sampuli zilizofuata, na chuma kikashuka nayo, jambo lililothibitisha kwamba sehemu kubwa ya chuma kile haikuwa ya silinda. Baada ya hapo tu ndipo swali la kilomita liliweza kuulizwa kwa haki. Muda wa kubadilisha uliongezwa hatua kwa hatua, kila hatua ikifuatiwa na sampuli, kutoka 3,000 hadi 5,000 na kisha zaidi, na akiba ya besi haikuwahi kuwa kikwazo cha kwanza.

Magari yaliyofika Tororo mara kwa mara yalikuwa na fumbo lake. Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950, na vumbi la saruji ni kalisi na silikoni kwa wingi. Mtu angetarajia kwamba kalisi ndiyo ingemfichua mwizi, lakini oili yenyewe huja na kalisi ya visafishi kwa sehemu elfu moja na zaidi kwa milioni, hivyo kalisi ya saruji huzama humo kama chumvi iliyotiwa baharini. Kwa gari linalopita karibu na viwanda hivyo kinachobaki kuaminiwa ni silikoni, na jicho la mtu anayejua gari lilikopita.

Mafuta ya kuendeshea yalileta somo la pili, nalo lilihusu gari la petroli. Bei za pande mbili za mpaka hazilingani kila wakati, na kwa miaka mingi mitungi ya mafuta imevushwa kwa baiskeli na pikipiki kupitia njia za panya, ikauzwa kando ya barabara kwa chupa na kwa lita. Si kila mtungi huwa na kitu kimoja ndani. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli na dizeli ulifikia hatua ya Kenya kuweka, Septemba 2018, tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji, nayo Uganda, kwa ushirikiano na Shirika lake la Viwango (UNBS), hutia alama ya kikemia katika mafuta yanayoingizwa nchini ili yaliyoghushiwa yatambulike. Katika gari lile mnato wa oili ulikuwa umeporomoka chini ya daraja lake ingawa ilikuwa imetembea kilomita chache, na maabara iliripoti mafuta yaliyopenya.

Maelezo yake yanafaa kufahamika na kila anayenunua mafuta ya mtungi. Kiasi kidogo cha petroli safi hupenya ringi za pistoni katika kila injini, hasa ikiwa baridi, lakini kwa kuwa ni nyepesi hugeuka mvuke tena oili inapopata joto na kutoka kupitia tundu la hewa. Mafuta ya taa huchemka katika joto la juu zaidi, kuanzia nyuzi 150 hivi hadi karibu 300, wakati oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, huwa karibu na nyuzi 100 tu. Kwa hiyo yakishaingia hayatoki upesi, bali hujilimbikiza siku baada ya siku na kuifanya oili kuwa nyepesi kama maji ya kunde. Kumwaga oili mapema katika hali hiyo ni kufuta sakafu huku bomba likivuja. Dereva alipoagizwa kununua petroli katika kituo kimoja kinachojulikana, na kuandika kila ununuzi, mnato ulirudi katika daraja lake, wala hakuna kilichobadilishwa ndani ya injini.

Kuhusu maji, vitabu vya maabara hudanganya kwa njia ya pekee katika mazingira haya. Vinaeleza kwamba gasketi ya silinda inapovuja, sodiamu na potasiamu hupanda katika oili, kwa sababu kemikali hizo huwamo ndani ya kipoza-injini kinachouzwa tayari madukani. Magari mengi ya Busia hutiwa maji ya bomba au ya kisima kwenye rejeta, na maji hayo hayana kemikali hizo kwa kiasi cha kutosha kutoa ushahidi. Gasketi yaweza kuvuja hadi oili iwe rangi ya chai ya maziwa, huku safu ya sodiamu ikisoma kidogo tu. Kipimo cha bei rahisi kinachofaa zaidi hapa ni tone la oili juu ya bamba la chuma lililopashwa moto hadi nyuzi 160 hivi: tone lisilo na maji hutandaa kimya, na lenye maji hutatarika.

Kwa malori ya masafa, swali lina sura nyingine, kwa sababu kilomita zenyewe hazisemi kweli. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua Busia Februari 2018, kilipunguza muda wa kuvuka, lakini mwaka 2020, wakati wa upimaji wa korona, na tena Januari 2022, foleni za malori kuelekea Busia na Malaba zilirefuka kwa kilomita nyingi, na madereva walisogea hatua kwa hatua kwa siku kadhaa. Injini inayonguruma papo hapo hutengeneza masizi na kupenyeza dizeli katika oili bila mita kuongeza kitu. Ford, kwa mfano, huhesabu saa moja ya kunguruma katika baadhi ya magari yake kuwa sawa na maili 33, karibu kilomita 53. Lori lililosubiri hivyo lingepaswa kuhesabiwa kwa saa, au kupimwa, wala si kusubiriwa lifikishe kilomita zake.

Daftari ndilo lililokuwa kazi ngumu kuliko maabara. Gari lenye mita ya kilomita iliyokufa, na yapo mengi, halina cha kuandika kwenye fomu, ikabidi zihesabiwe safari. Oili inayoongezwa njiani huleta upotoshaji mwingine ambao wengi hawaufikirii: injini inayokunywa oili sana na kuongezewa kila wiki huonekana nzima katika ripoti, kwa sababu kila lita mpya huyapunguza makali ya metali na kurudisha akiba ya besi, hivyo injini mbovu hupata alama nzuri kuliko iliyo nzima. Sampuli nayo huchukuliwa injini ikiwa na moto, katikati ya mtiririko wakati wa kumwaga, ndani ya chupa iliyo safi na kavu. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai, kwani sukari na maji yake huenda hadi maabara. Na ripoti moja peke yake ina thamani ndogo. Kinachosema ni mwendo wa namba kutoka sampuli hadi sampuli ya gari lilelile, zikigawanywa kwa kilomita ambazo oili ile ilitembea.

Jambo moja la kibinadamu lisisahaulike. Oili chafu ina soko lake Bulumbi kama kwingineko: hupakwa kwenye nguzo za ua ili mchwa wasizile, na hununuliwa na wapasuaji mbao kwa misumeno yao. Aghalabu fundi anayeimwaga ndiye anayebaki nayo. Si haki kumshuku kila fundi, na wengi wao hushauri kubadilisha mapema kwa nia njema kabisa, lakini ushauri wa kumwaga unaotoka kwa mtu anayenufaika na kilichomwagwa hauwezi kuwa kipimo pekee.

Je, uchunguzi huu unamfaa nani? Injini ya Toyota Probox ya lita 1.5 hubeba oili isiyofika lita nne, na gharama ya kupima sampuli moja pamoja na kuituma Kampala au Nairobi hukaribia bei ya oili yenyewe. Mwenye gari moja la namna hiyo atafanya vyema zaidi akiendelea na kilomita zake 5,000, akainunua oili mahali anapopaamini, na fedha za maabara akazitumia kwa chujio halisi la hewa na vibanio vipya. Mwenye lori kubwa, ambalo sampu yake huchukua lita 30 na zaidi, au mtu mwenye magari kadhaa ya dizeli yanayopita barabara ileile, anapoteza fedha kila mwezi asipopima. Kati ya hao wawili kuna watu wengi ambao wangefaidika na kipimo cha chini kuliko spektromita: kifaa cha kupima mnato, bamba la moto, na karatasi ya kuchujia ambayo tone la oili hudondoshewa ili doa lake lionyeshe jinsi masizi yalivyotandazwa. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa chuo cha mitambo ya kilimo, kina kitivo chake cha uhandisi wilayani Busia, kando ya barabara kuu ya Tororo. Meza moja ya vipimo hivyo, ikiendeshwa na wanafunzi chini ya mwalimu wao na kufunguliwa kwa madereva wa mpakani kwa ada ndogo, ingekuwa karibu kuliko maabara yoyote ya Nairobi, na uongozi wa chuo hicho unaombwa kuifikiria.